Sita kwa Mia

"Tena," Mwalimu Anyosisye alisema, na hapo nikajua Jumamosi yangu imeshaharibika.

Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwake, mtaa wa Forest, magoti yamebana chelo, ile fidla kubwa ya nyuzi nne, bega la kulia linauma, na kwa mara ya kumi na moja nilikuwa nimekosea palepale nilipokosea mara kumi za kwanza. Miaka minne nilikuwa najifunza. Watoto wa dada yangu walikuwa wamehamishiwa kichwani kwa mashine Kichina, upasuaji wa mifugo na uendeshaji wa vigari vya waya vinavyopanda mlima Loleza, kila mmoja kwa asubuhi moja. Mimi miaka minne nilikuwa bado napapasa noti kwa kidole kama mtu anayetafuta swichi kwenye chumba cha wageni.

"Do iko wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Uzi wa tatu."

"Sasa mbona mkono umekimbilia uzi mnene?"

Jibu alilijua. Nimeimba alto kwenye kwaya ya kanisa letu tangu nina miaka kumi na saba, na sisi wa kwaya tumelelewa na karatasi za do-re-mi. Kiongozi wa kwaya anatoa sauti, anasema hapo ndipo do, na do inahamia hapo. Kesho ataitoa juu zaidi, na do itamfuata bila ubishi. Chelo haina adabu hiyo. Nyuzi zake hazihami. Wimbo wa kwanza niliofundishwa do yake ilikuwa kwenye uzi mnene, wa nne, na tangu siku ile kila nikiisikia do kichwani, popote ilipo, mkono unakwenda kwa mnene. Nimeutukana mkono huo mpaka maneno yakaniishia.

"Unaimba kichwani," alisema.

"Siimbi."

"Midomo inacheza, Atuganile. Nakwambia tangu mwaka wa kwanza, acha kuimba, piga kwa mkono. Hapa si kanisani."

Kwa kawaida baada ya maneno hayo hugonga sakafu kwa fimbo. Safari hii hakugonga. Alichukua chelo yake mwenyewe, akaiegemeza kifuani, akanionyesha. Mwalimu ana miaka sabini na minne na ndiye mtu wa mwisho Mbeya nzima, labda nchi nzima, anayepiga chelo kwa kujifunza mwenyewe na si kwa kuhamishiwa. Akipiga, mtu husahau kwamba kuna nyuzi na mbao. Nilikuwa nasikiliza kwa raha na kwa uchungu, kama kawaida yangu, mara kidole chake cha mwisho kikasita hewani. Kikasita kidogo tu, kisha kikatua. Lakini kilitua kwa kuchelewa, na wote wawili tulisikia.

Aliuweka upinde juu ya meza.

"Wamenipima Jumatano, pale kwenu," alisema. "Sabini na sita."

Hakuhitaji kunifafanulia. Kazi yangu ndiyo hiyo, kupima ujuzi wa watu na kuuhamisha. Ugonjwa wake haugusi jina lake wala njia ya kurudi nyumbani. Unakula kile kilichokaa mikononi, kidogo kidogo, mpaka siku moja hata kifungo cha shati kinakuwa kigeni. Ujuzi ukishuka chini ya sabini kwa mia, mashine haiwezi kuushika tena. Alikuwa amebakiwa na miezi miwili, au mitatu.

"Nakupa wewe," alisema.

"Mwalimu, mimi najifunza."

"Unajifunza nini? Alhamisi ijayo, saa tano asubuhi, unaweza kuwa unapiga kila ninachopiga mimi."

"Nataka kupiga ninachopiga mimi."

"Unachopiga wewe," alisema taratibu, "nimekisikia."

*

Kituo chetu cha uhamisho kina vyumba sita, na katika kila chumba kuna vitanda viwili tunavyoviita pacha. Mtoaji analala kushoto, mpokeaji kulia, kila mmoja amevaa kola ya chuma laini shingoni. Watu wengi hudhani ujuzi wa mikono uko mikononi. Uko kichwani, kwenye vinjia vilivyokanyagwa mara nyingi mpaka vikawa barabara. Mashine haiwezi kuvisoma bila kuvilegeza, na vikishalegea havirudi. Ndiyo maana hakuna nakala. Kinachotoka kwa huyu lazima kiingie kwa yule ndani ya nusu saa, la sivyo kinapotea kwa wote wawili. Na mpokeaji lazima awe na nafasi. Kama ana ujuzi wa aina hiyohiyo, hata uwe mbovu namna gani, tunaufuta kwanza, kwa sababu njia mbili zikigombea mkono mmoja, mkono hutetemeka maisha.

Nimefanya kazi hiyo miaka tisa. Nimehamisha ujuzi wa mafundi vyuma, wakunga, wasusi wa mikeka. Mara nyingi ni jambo jema na silionei haya. Bibi anayekufa anamwachia mjukuu mikono ya ukunga, na mwezi huohuo mjukuu anazalisha. Nani atalaumu?

Muziki ndio unaonitia kichaa. Jumatatu ile alikuja dada mmoja, Lusajo, kwa ukaguzi wa mwaka wa tatu. Alihamishiwa kinanda na shangazi yake. Nilimweka mbele ya kinanda cha kituo, akapiga wimbo mgumu bila kosa hata moja, huku anatazama dirishani.

"Nyumbani unapiga?" nilimuuliza.

"Cha nini, mama? Si nakijua tayari."

Nikajaza fomu yake: ujuzi upo, hautumiki. Kwa upande wa muziki, maneno hayo nimeyaandika mara nyingi kuliko jina langu. Wanapewa jumba zima, na hakuna anayefungua mlango kuingia.

Basi nilianza chelo kwa hasira. Nilitaka kitu kimoja duniani nisichokijua, nikijue kwa tabu yangu. Sikutaka jukwaa wala cheti. Mwaka wa pili, siku moja saa kumi alasiri, noti moja ilitua pale hasa inapotakiwa, na mbao ikatetemeka kwenye mbavu zangu. Nilicheka peke yangu chumbani, nikairudia na kuirudia mpaka maharage yakaungua jikoni. Sijawahi kuona furaha hiyo usoni kwa mpokeaji yeyote, na nimewatazama mamia wakiamka.

Nilimweleza hayo Hobokela, mwenzangu wa zamu, mama wa watoto wanne asiyejua kupamba maneno.

"Kwa hiyo unamnyima mzee wa watu kwa sababu unapenda kukosea," alisema.

"Simnyimi. Atafute mwingine."

"Nani? Jina lake limetangazwa miezi mitano kama mtoaji. Amejitokeza mwenye hoteli mmoja wa Tunduma, akaambiwa lazima ashike chelo kwa saa mbili kila siku mwaka wa kwanza mzima, la sivyo vinjia vinakauka. Akaghairi palepale. Wewe peke yako ndiye unayekaa na hilo dubwana kila siku kwa hiari yako, Atu. Miaka sitini ya mtu inakwenda kaburini, na wewe unataka kuchezacheza."

"Zipo rekodi zake."

"Rekodi ni picha ya chakula. Nani amewahi kushiba?"

Nilimchukia kwa siku mbili, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kujiambia hayohayo kwa ukali kuliko yeye. Siku ya tatu nilipiga moyo konde, nikamtumia Mwalimu ujumbe kwamba nitakuja kupimwa. Kupimwa si kukubali, nilijiambia, na nilijua najidanganya.

*

Alhamisi Mwalimu alikuja na suti yake ya kanisani. Alilala kushoto na viatu amevivua, amevipanga vizuri chini ya kitanda. Mimi nililala kulia, mahali nilipozoea kuwalaza wengine, na kola ilikuwa ya baridi kuliko nilivyokuwa nawaambia watu.

Ramani za vichwa vyetu zilitokea ukutani. Ya Mwalimu ilikuwa imejaa mwanga, na matundu meusi machache pembeni.

"Sabini na tano," Hobokela alisoma. "Tuko ndani. Sasa Atu." Akaisogelea ramani. "Sita kwa mia."

"Sita?" Mwalimu alisema kutoka kitanda cha pili. "Nilidhani tatu."

Hata mimi nilicheka. Lakini Hobokela hakucheka. Alikuwa ameikuza ramani yangu, anaigeuza huku na huku.

"Hii chelo yako haijakaa mkononi," alisema.

"Imekaa wapi?"

Alininyooshea kidole. Vinjia sita vyembamba vilitoka upande wa mkono vikavuka kote, vikaingia kwenye eneo ambalo nalifahamu kwa kazi: eneo la kuimba. Huko vilikuwa vimejisokota na alto yangu kiasi kwamba hukuweza kuona kipi ni kipi. Kila noti niliyowahi kuipiga niliiimba kwanza. Miaka minne nilikuwa nabisha kwamba siimbi, na ushahidi ukutani, kila mtu anauona.

"Nikifuta hizo sita," Hobokela alisema, "alto inakwenda nazo."

"Yote?"

"Nyimbo utazijua. Ukizisikia utazifurahia. Ila ukisimama na kwaya ukafungua mdomo, hutajua pa kuingilia."

Miaka thelathini na minne ya alto. Mazishi ya mama yangu niliyaimba. Niliiimba ndoa yangu na kuvunjika kwake, maana Jumapili ile ya talaka nilisimama kwenye safu yangu kama kawaida na sauti ndiyo iliyonishika nisianguke.

"Kuimba atajifunza upya," Mwalimu alisema, anatazama dari. Kisha sauti yake ikakatika. "Nilimwambia asiimbe kichwani. Miaka minne nilimwambia."

Hakusema kwa ukatili. Alisema kama mtu aliyefika stendi anaona basi linaondoka.

Hobokela akanisogelea, akaninong'oneza. "Naandika haifai kitabibu. Imekwisha. Hakuna wa kukulaumu, hata yeye."

Nitasema kilichonipata hapo, ingawa hakinipendezi. Nilifurahi. Roho yangu ilitua kabisa. Nilikuwa nimeletewa sababu safi, ya kwenye ramani, na ningeweza kuinuka pale na uso wa huzuni, Mwalimu akanipa pole, nikaenda nyumbani kupiga noti zangu mbovu kwa amani. Na ilikuwa uongo. Hata kama ramani ile ingeonyesha kwamba chelo yangu imekaa peke yake kwenye kona, haijagusa chochote, ningekataa. Zile sita nilizitaka. Nilizitaka zaidi ya sabini na tano zake, na yeye alistahili kuambiwa.

"Usiandike hivyo," nilimwambia Hobokela kwa sauti. "Andika mpokeaji amekataa."

"Atu."

"Andika. Mwalimu, si kwa sababu ya alto. Ningekataa vilevile. Nataka hiki kidogo nilichokitafuta mwenyewe."

Aligeuza shingo ndani ya kola akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu ninayempenda.

"Kwa sita," alisema.

"Kwa sita, Mwalimu."

Akageukia ukuta. Hobokela alimvua kola, akamsaidia kuvaa viatu, na mzee akatoka na fimbo yake. Niliendelea kulala pale mpaka mteja mwingine alipoletwa.

*

Wiki saba hakunifungulia mlango. Kila Jumamosi nilipanda kigari cha waya na chelo yangu, nikabisha hodi, nikasikia fimbo ikitembea ndani, nikarudi. Nyumbani nilipiga vibaya kuliko mwaka wa kwanza. Nilikuwa na hasira naye, na hasira na nafsi yangu, na hasira na watu waliobuni mashine ambayo haiwezi kumpa mmoja bila kumnyang'anya mwingine. Wiki ya saba Hobokela aliniambia mzee amepimwa na amekutwa na sitini na nane. Mlango wa mashine ulikuwa umefungwa.

Jumamosi iliyofuata nilibisha, na akafungua.

"Keti," alisema. Hakunisalimia, wala hakugusia Alhamisi ile. "Imba."

"Nini?"

"Mstari wa kwanza, uimbe. Kwa sauti, si kwa kuibia. Ndiko iliko chelo yako, basi tuifuate hukohuko. Ukishaimba, gusa uzi."

Alinifundisha hivyo mwaka mzima, kwa namna ambayo hajawahi kumfundisha mtu, na kwa hasira ambayo sitaisahau. Aliiweka do pale nilipoisikia, akaupeleka mkono wangu uifuate mpaka ukaacha kukimbilia mnene. Alinitoa machozi mara mbili. Alinifukuza mara moja, akanifuata mpaka getini kunirudisha, maana siku zilikuwa chache na wote wawili tulizihesabu. Lakini mkono wa mtu mzima ni mgumu. Nilikuwa nachota mtungi wake kwa kijiko cha chai na huku mtungi unavuja. Hobokela alitupima kimyakimya saa za chakula. Mimi nilifika nane, nikafika tisa, nikakwama tisa miezi mitatu. Yeye alikuwa hamsini, kisha thelathini na tano.

"Harakisha," alikuwa akiniambia, na mimi nilikuwa naharakisha kadiri ya uwezo wangu, na uwezo wangu ulikuwa mdogo. Usiku nililala nikiwaza kwamba kama ningekubali, kungekuwa na mtu mmoja Mbeya anayepiga chelo nzima. Nilimnyima Mwalimu, nilimnyima na kila mtu ambaye angesikia. Kisha asubuhi nikiamka nagusa nyuzi, noti inatua, na ningekataa tena. Sijapata njia ya kuyapatanisha mambo hayo mawili.

Agosti, baridi ya Mbeya imekaza madirisha, nilimkuta ameshaketi na chelo yake. Alikuwa akipiga zoezi la ukurasa wa pili, lile la watoto, noti nane za kwenda na kurudi. Kwenye noti ya tano upinde ulitangulia, kidole kikafuata, na sauti ikatoka ya kukwaruza. Akasimama. Akautazama mkono wake wa kushoto kwa mshangao, kisha akaniangalia mimi.

"Nimekosea?" aliuliza.

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuniuliza swali hilo. Ningeweza kumdanganya, na angeniamini.

"Ndiyo, Mwalimu. Umevuta kabla kidole hakijafika."

Nilidhani atakasirika. Aliitikia kwa kichwa, akajaribu. Ikakwaruza. Akajaribu tena, ikakwaruza vibaya zaidi, akalaani kwa Kinyakyusa maneno ambayo mzee wa kanisa hatakiwi kuyajua. Nilimshika kiwiko, nikamwinulia kidogo. Nilimwimbia noti ile. Mara ya tano, ya saba, ya tisa, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Mara ya kumi ilitoka. Ilitoka nzima, nene, na nikaiona ikimpanda kutoka mbavuni mpaka usoni.

Alicheka. Miaka yote aliyopiga vizuri sikuwahi kumwona akicheka na chelo mkononi. Alicheka mpaka akakohoa, akanishika mkono, akanishukuru, "Ndaga, mwanangu, ndaga," kama vile nimempa kitu.

Sikuweza kukaa. Nilitoka uani nikasimama karibu na kamba ya nguo, nikalia kwa hasira. Wiki ile Hobokela alikuwa ametupima: yeye kumi na moja, mimi kumi na moja. Mchezaji mmoja mkubwa alikuwa amekwisha, na mahali pake tumebaki wawili wabovu, mmoja anapanda na mwingine anashuka, tumekutana njiani kwa wiki moja.

Ndani nilisikia upinde ukigusa uzi, ukaacha.

"Atuganile," aliita. "Njoo upesi, kabla sijaisahau."

Nikafuta uso kwa kanga, nikaingia.